Kabla ya Kumhamisha Mama: Matunzo ya Wazee Ufipa na Mikono Inayoyabeba

Uamuzi wa kumhamisha mzee huanzia chooni. Watoto wanaweza kukaa miaka wakipigiana simu kwamba mama amezeeka, siku hizi anasahau, kuni zinamshinda, na asiwepo anayefunga safari. Mpaka siku mvua ya Machi inanyesha Nkasi usiku kucha, mama anatoka kwenda choo cha shimo nyuma ya nyumba, anateleza, na kulala kwenye matope hadi jirani anayewahi shamba amkute. Nyonga imevunjika, au imenusurika. Iwe iwavyo, kikao kinaitishwa.

Choo cha shimo kinadai mambo ambayo uzee huyaondoa mapema: nguvu ya mapaja ya kuchuchumaa na kuinuka, mizani ya mwili, na macho yanayoona gizani. Kiharusi kikishapita upande mmoja, kuchuchumaa kumekwisha. Ongeza baridi ya uwanda wa Ufipa, mkoani Rukwa. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai mzee asiyejiweza huwekewa jiko la mkaa chumbani, mlango ukafungwa. Hapo hatari inakuwa hewa yenyewe anayoivuta. Kwa hiyo watoto wanaposema "mama hawezi tena kukaa peke yake", mara nyingi wanamaanisha vitu vinavyoshikika, yaani choo, moto, maji na ngazi ya mlango. Baadhi ya vitu hivyo fundi seremala angevimaliza kwa siku moja: kiti cha mbao chenye tundu katikati, ndoo chini yake, kikawekwa kando ya kitanda. Naanza na kiti hicho kwa sababu nyumba nyingi hukifikiria baada ya mzee kuhamishwa, wakati kilikuwa cha kuulizwa kwanza.

Ahamie wapi? Katika nchi tajiri swali hili lina jibu la kulipia: ipo nyumba ya kulelea wazee, ina ada, ina wauguzi wa zamu. Huku Afrika Mashariki, Nairobi kuna Nyumba ya Wazee ya Kasarani, inayoendeshwa na Masista Wadogo wa Maskini, na wakazi wake ni wazee maskini, si wateja. Unguja kuna Sebleni na Welezo. Tanzania Bara serikali ina makazi yasiyofika ishirini, na wakazi wake wanahesabika kwa mamia, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 3 waliotimiza miaka 60. Yanayotajwa mara nyingi ni Nunge ya Kigamboni, Fungafunga ya Morogoro, Njoro ya Kilimanjaro, Kolandoto ya Shinyanga, Bukumbi ya Misungwi, Kilima ya Bukoba, Ipuli ya Tabora na Kibirizi ya Kigoma. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo kwenye uwanda wa Ufipa.

Umbali si kikwazo kikubwa kuliko vyote. Makazi haya hayakujengwa kwa ajili ya mzee mwenye watoto. Baadhi yalianza kama vijiji vya wagonjwa wa ukoma, watu ambao ndugu waliwaogopa hata baada ya dawa kuwaponya. Tanga na Morogoro, mikoa ya mkonge, ina makazi zaidi ya moja kila mmoja, na si ajabu. Mashamba yale yalivuta vibarua kutoka pembe zote za Tanganyika, Ufipa ikiwemo, na kuna waliozeekea huko bila mke, bila mtoto, bila nauli ya kurudi. Ukirudi nyuma zaidi, mantiki ni ile ile ya misheni ya Karema, ambako Mapadre Weupe walifika mwaka 1885 na kuwapokea watumwa waliokombolewa, watu waliokatwa na koo zao. Adrian Atiman, aliyetibu wagonjwa Karema tangu 1889 hadi alipofariki 1956, yeye mwenyewe alikuwa mtoto aliyeuzwa utumwani Afrika Magharibi. Jina lake leo liko kwenye hospitali ya Kanisa mjini Sumbawanga. Tangu zamani, basi, taasisi huku kwetu imekuwa mahali pa asiye na mtu.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliuandika msimamo huo kwa maneno yake: familia ndiyo msingi wa matunzo, makazi ni hatua ya mwisho. Mzee hupokelewa baada ya mtendaji wa kijiji na ofisa ustawi wa jamii kuthibitisha kwamba hana ndugu wa kumtunza na hana uwezo wa kujitunza. Sasa fikiria mama mwenye watoto sita, wawili Dar es Salaam, mmoja Tunduma, mmoja Mbeya, mmoja mjini Sumbawanga, mmoja amefariki. Kwenye karatasi ana watu tele. Kwenye nyumba yake pale kijijini hana mtu. Mfumo hauna safu ya kumwandika huyu, na wazee wa Ufipa walio wengi ni kama yeye.

Anayebaki ni mtoto wa karibu, na mtoto wa karibu kwa kawaida ni binti, au mke wa mtoto wa kiume. Hapa ndipo ninapotofautiana na mjadala tunaousikia redioni, unaouliza kama tumeacha mila na kuiga Wazungu kwa kuwatupa wazee. Familia nyingi za Ufipa hazina pa kumtupa mzee hata zikitaka. Zinachoamua, bila kukitaja, ni mwanamke gani atakayeacha kazi yake.

Mwaka 1962, katika insha yake ya Ujamaa, Mwalimu Nyerere alimtetea mzee wa jadi anayeonekana kukaa bure: alifanya kazi kwa bidii ujanani, alisema, kwa hiyo kukaa kwake ni haki aliyoichuma. Hoja nzuri. Ila mzee yule alipikiwa na mtu, na chakula kile hakikutoka kwenye falsafa. Katika kijiji cha zamani cha Ufipa, nyumba zikiwa zimesogeleana, kazi ya kumtunza ilimegwa vipande vidogo: mjukuu alilala kwa bibi na kuchota maji, mkamwana alipika, jirani alipitia asubuhi, wazee wenzake walimsogeza kwenye pombe ya kimpumu jioni. Hakuna aliyebeba kitu kizima. Mzee akihamia chumba cha uani mtaani Sumbawanga, vipande vile vyote vinakusanyika juu ya mtu mmoja. Mjukuu yuko shule mpaka saa kumi, jirani ni mpangaji aliyehamia mwezi uliopita, na wazee wenzake wamebaki kijijini.

Tuseme binti huyo ni mwalimu wa shule ya msingi. Anaamka saa kumi usiku, anamsafisha mama, anamnywesha uji, anamwachia msichana wa kazi wa miaka kumi na saba ambaye hakuna aliyemfundisha kumgeuza mgonjwa, kisha anakimbilia zamu. Mchana anapigiwa simu akiwa darasani. Kwa mkuu wa shule hii ni "dharura ya kifamilia", na dharura ina kikomo. Mtu haruhusiwi kuwa na dharura kwa miaka minne mfululizo. Likizo ya uzazi tunayo kwenye sheria za kazi. Ya kumuuguza mzazi mwalimu huyu ataiomba kama fadhila.

Akifungua kadi yake ya bima anakutana na hesabu nyingine. NHIF kwa mtumishi wa umma humhudumia mwanachama, mwenza na wategemezi wasiozidi wanne, na wazazi wanaruhusiwa kuwa kati ya hao wanne. Mwenye watoto wanne nafasi zake zimejaa. Ili mama aingie, mtoto mmoja atoke. Nani anaweza kuketi na mumewe na kuzungumza jambo hilo bila kuumizana, hasa kama mama mwenyewe ni wa upande mmoja tu?

Mzee asiye na bima anao msamaha. Sera ya Afya ya 2007 inataka mwenye miaka 60 na zaidi asiyejiweza atibiwe bure, na hospitali nyingi zimeweka dirisha la wazee. Dirisha linafaa kwa anayefika. Lakini matunzo ya muda mrefu hayafanyikii dirishani: pampasi za watu wazima hazitolewi pale, wala godoro la hewa, wala nauli ya bajaji ya kumfikisha mgonjwa asiyekaa kwenye pikipiki. Na dawa ya presha ikikosekana kwenye stoo, msamaha hauifuati kwenye duka la dawa.

Kazi yenyewe ina ujuzi wake, na ni haki kuueleza, maana familia hulaumiwa kwa uzembe pale ambapo hakuna aliyewaonyesha. Mgonjwa asiyejigeuza anapaswa kugeuzwa takribani kila saa mbili, mchana na usiku. Asipogeuzwa, uzito wake unabana damu pale mfupa ulipo karibu na ngozi: juu kidogo ya makalio, kwenye nyonga, kwenye visigino. Vitabu vya uuguzi husema utafute wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo mkono ndio unaotafuta, na unachopapasa ni sehemu yenye joto kuliko jirani yake, au ngumu, au iliyokuwa nyeusi zaidi. Ikishachanika, kidonda kinaweza kuchimba mpaka mfupani, na kidonda cha hivyo kinaua. Mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie hewani hauna gharama. Uji nao una hatari yake. Baada ya kiharusi kumeza huharibika, na uji unaonyweshwa mgonjwa akiwa amelala chali unapita njia ya hewa. Siku chache baadaye familia inaambiwa ni nimonia. Akalishwe wima, apewe kidogo kidogo, abaki wima nusu saa. Muuguzi wa wodi angeweza kuyaonyesha haya kwa dakika ishirini siku ya kuruhusiwa, lakini siku hiyo ndugu wanahangaikia bili na gari.

Halafu kuna aibu ya mwili, ambayo kwenye vikao huzungukwa. Mtoto wa kiume kumwogesha mama yake ni jambo ambalo wengi hawawezi hata kulitamka, na mkwe wa kiume kumwona mama mkwe wake uchi ni zaidi. Hiyo ndiyo sababu ya kweli, pengine kuliko uvivu wa wanaume, inayofanya mikono iwe ya kike hata pale ambapo kaka ndiye asiye na ajira na yuko nyumbani siku nzima. Nimekuwa nikiona mabadiliko kwa baba wazee: kijana analipwa kuja asubuhi kumwogesha babu wa watu, anakwenda nyumba nyingine. Ni kazi mpya, haina jina rasmi wala cheti, na malipo yake ni maelewano. Kwa mama wazee, mgeni wa kulipwa bado hukataliwa na mzee mwenyewe.

Kuna sababu nyingine ya kuhama ambayo husemwa kwa sauti ya chini. Mzee anayetoka usiku, anayegonga mlango wa jirani akimwita mtu aliyekufa zamani, anayevua nguo uani, ni mgonjwa. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, katika vijiji 6 mwaka 2009 na 2010, ulikadiria kwamba zaidi kidogo ya watu 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wana demensia. Hakuna sababu ya kudhani Ufipa iko nje ya dunia hiyo. Mkoa wa Rukwa ulikuwa na watu 1,004,539 kwenye sensa ya 2012 na 1,540,519 kwenye ile ya 2022. Hata kama wengi ni watoto, wazee nao wanaongezeka kwa idadi. Lakini kijijini tabia hizo zina maelezo mengine yaliyo tayari. Mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi yalitikisa zaidi Kanda ya Ziwa, ambako macho mekundu ya moshi wa kuni yalitosha kuwa ushahidi. Ufipa nako, licha ya utani wa uchawi ambao nchi nzima huufanyia mji wa Sumbawanga, tuhuma hazina mzaha kwa mjane anayeishi peke yake. Watoto wakisikia maneno yameanza, wanakuja kumchukua haraka, na mara nyingi hawamwambii kwa nini.

Wanachopaswa kujua ni kwamba kuhama kwenyewe humzidishia mzee kuchanganyikiwa. Nyumba aliyoishi miaka arobaini ilikuwa inamkumbusha: mlango uko hapa, mtungi pale. Mahali pageni hakuna kinachomkumbusha, na ndiyo maana wiki za kwanza mjini huwa mbaya kuliko zote, ndugu wakadhani ugonjwa umeruka hatua. Kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla, kwa siku moja au mbili, ni suala tofauti kabisa. Hapo apelekwe hospitali, maana malaria, nimonia au maambukizi ya njia ya mkojo vinaweza kumvuruga mzee akili kabla hata homa haijapanda.

Pesa. Familia hizi zinajua kuchanga. Hilo halina ubishi. Mzee akifia Dar es Salaam, kikundi cha WhatsApp kinaweza kupata nauli ya mwili, jeneza na chakula cha waombolezaji kabla ya kukucha, na gari likaondoka kwa safari ndefu ya kurudi Sumbawanga. Mzee huyo huyo akiwa hai, mchango wa mwezi wa sabuni na pampasi unafika mara mbili, wa tatu unachelewa, wa nne unaombewa radhi. Sidhani ni ukatili. Msiba una tarehe, una mashahidi, una daftari linalosomwa mbele za watu. Uuguzi hauna mwisho unaojulikana, na anayetoa haonekani. Familia zilizofanikiwa kudumu, kwa ninavyoona, ziliupa uuguzi daftari kama la msiba: kiasi kinachojulikana, siku inayojulikana, jina la aliyetoa na la asiyetoa, na ndani yake fungu la yule anayeuguza. Fungu hilo ndilo hugombewa. Kaka atasema, "Dada, unataka ulipwe kumlea mama?" Swali linamnyamazisha dada, naye kaka anarudi Mbeya kwenye mshahara wake.

Wengine huchagua zamu, mama miezi mitatu kwa huyu, mitatu kwa yule. Kwenye kikao zamu inaonekana ndiyo haki yenyewe. Kwa mzee mwenye akili timamu na miguu inayotembea inaweza kufaa, anasalimia wajukuu wote. Kwa mwenye demensia, kila zamu ni kuhamishwa upya, na zile wiki mbaya za kwanza zinarudi mara nne kwa mwaka. Hapo ni heri pesa na watu ndio wazunguke, mzee abaki mahali pamoja; kaka wa Tunduma aje wiki mbili Agosti, mahindi yakiwa yameshaingia ghalani, dada apumzike.

Mzee mwenyewe huulizwa mwisho, kama anaulizwa. Anachokiogopa ni shamba. Mama wa Kifipa aliyezoea kufukia majani na kuinua matuta ya ntumba anajua kwamba shamba lililolala misimu miwili litapata mtu wa kulilima, na aliyelima misimu mitano ataanza kuliita lake. Akikataa kuondoka, watoto huona ukaidi. Huenda anahesabu vizuri kuliko wao. Mkataba wa kukodisha shamba ulioandikwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji, ukitaja jina la mpangaji na kodi ni magunia mangapi, umewahi kumlainisha mzee ambaye paroko alishindwa kumshawishi. Na magunia hayo ni ya kwake: akiyaleta kwa mkwewe, anaingia nyumbani kama mtu mwenye chakula.

Ndiyo maana pensheni ndogo inaweza kubadilisha zaidi ya inavyoonekana. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa, na baadaye kiwango kikapandishwa. Bara, mkulima wa Ufipa aliyelisha mikoa mingine kwa mahindi yake maisha yote hana malipo ya aina hiyo. Atakayebahatika ataingia TASAF kama kaya maskini. Ibara ya 11 ya Katiba inataja haki ya msaada kutoka kwa jamii wakati wa uzee. Tangu Januari 2022 kuna wizara yenye makundi maalum katika jina lake, na ofisa ustawi wa jamii yupo halmashauri. Ofisini kwake wengi huenda kwa kesi za ndoa na watoto, wakidhani kwa wazee kazi yake ni barua ya makazi tu. Anaweza kuitwa kwenye kikao cha familia iliyokwama, na mbele yake kaka hupunguza maswali.

Kikao hicho kifanyike kabla ya Novemba. Mvua zikishaanza, kila aliye kijijini yuko shambani mpaka jioni, barabara za bonde la Rukwa kuelekea Muze na Mtowisa zinakuwa za kubahatisha, na mzee atakayeanguka wakati huo atahamishwa kwa haraka ya siku moja, akiwa na kanga mbili na bila kadi yake ya kliniki.